SHERIA NA NYUMBA: Kukutwa Nacho na Kuwa Nacho

Kiswahili cha mahakamani kina neno moja ambalo watu wengi hulisikia wasilitafakari. Hati ya mashtaka husema kwamba fulani "alikutwa na" dawa za kulevya. Neno hilo ni la kutendwa: aliyekuta ni askari, aliyekutwa ni raia, na kitu kipo kati yao. Lakini jambo ambalo mshtakiwa alipaswa kulitenda ili awe na hatia halimo katika neno hilo hata kidogo. Je, alikiweka yeye? Alijua kwamba kipo? Alikuwa na uwezo wa kukitoa au kukizuia? Kesi nyingi za urumogi, heroini na kokaini hushindwa au kushinda katika maswali hayo, na ndiyo maana safu ya juma hili inayashughulikia. Wasomaji wake wako pande zote mbili za mlango: wapo wanaobisha hodi, na wapo waliolala ndani.

Na ichukuliwe nyumba ya mfano, isiyo ya mtu yeyote, mjini Muyinga. Mwenye nyumba ni askari jeshi aliye kazini mbali. Nyumbani yuko mkewe, watoto watatu, shemeji aliyekuja kutafuta kazi, na katika chumba cha uani yuko mpangaji anayefanya biashara ndogo ndogo kati ya mji huo na mpaka wa Kobero. Stoo ya jikoni haina kufuli. Humo huwekwa maharagwe, mkaa, majembe na madumu ya maji. Alfajiri polisi wanabisha hodi. Nyuma ya gunia la maharagwe linatoka furushi la majani makavu lililofungwa kwa plastiki. Afisa anauliza, "Mama, hiki ni cha nani?" Mama anajibu, "Afande, sikijui." Kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua mlango, na mumewe hayupo, aghalabu yeye ndiye atakayepanda gari la polisi.

Kisheria, hadi saa hiyo hakuna kilichothibitishwa ila mahali. Imethibitika kwamba furushi lilikuwa stooni. Haijathibitika kwamba lilikuwa la mama huyo. Ili mahakama iseme kwamba mtu alikuwa na kitu kilichokatazwa, yahitajiwa mambo mawili yakutane katika nafsi ya mtu mmoja: kwanza, kwamba kitu kilikuwa chini ya mkono wake au mamlaka yake, pili, kwamba alijua kipo. La kwanza bila la pili ni bahati mbaya tu, na la pili bila la kwanza ni habari ya jirani.

Wanasheria wa Afrika ya Mashariki wameliandika jambo hilo kwa uwazi. Kifungu cha 5 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na kifungu cha 4 cha ile ya Kenya, vinaeleza kwamba kuwa na kitu hakuishii mkononi wala mfukoni. Mtu huhesabiwa kuwa nacho hata kikiwa kwa mwingine, iwapo amekiweka huko kwa kujua. Huhesabiwa kuwa nacho kikiwa mahali popote, pawe pake au pasiwe pake, iwapo kipo hapo kwa matumizi au manufaa yake au ya mwingine. Tena vifungu hivyo vyasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa pamoja, na mmoja wao akawa na kitu huku wenzake wakijua na kuridhia, basi wote wamekuwa nacho. Maneno mawili yabebayo uzito wote hapo ni kujua na kuridhia. Mke wa askari aliyejua kwamba mpangaji ameficha urumogi stooni, akanyamaza kwa sababu kodi ya chumba inalipwa kwa wakati, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakuugusa. Yule asiyejua hana hatia, ijapokuwa nyumba ni yake, gunia ni lake na funguo za mlango wa mbele ziko kiunoni mwake.

Lakini nani awezaye kuona ndani ya moyo wa mtu? Hakuna. Kwa hiyo kujua huthibitishwa kwa dalili za nje. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1993, unakubali waziwazi kwamba ujuzi na nia ya mshtakiwa vyaweza kudhaniwa kutokana na hali halisi ya mambo. Hali hizo ni zipi? Ufunguo wa kisanduku uliokutwa mfukoni mwa mtu mmoja tu. Mizani ndogo na vikaratasi vilivyokatwa, vikiwa chini ya kitanda chake. Harufu kali ambayo asingeweza kuikosa kila anapoingia jikoni. Fedha ambazo mshahara hauwezi kuzieleza. Uongo uliosemwa katika dakika ya kwanza, kisha ukabadilishwa katika ya kumi. Kila moja peke yake ni hafifu, maana watu waoga husema uongo hata wasipokuwa na kosa. Zikikusanyika zikaelekea kwa mtu yule yule, hakimu ana la kushika.

Hapa inafaa kusema neno juu ya desturi moja isiyopendeza. Upo upekuzi ambao huisha kwa kukamatwa kila mtu aliyekuwamo ndani, tangu shemeji hadi mtumishi, ili baadaye mahakama ichambue pumba na mchele. Kazi ya kuchambua ni ya mpelelezi, na huanza pale pale stooni. Sheria ya Burundi inaruhusu mtu kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi kwa siku 7, na mwendesha mashtaka aweza kuongeza muda huo hadi siku 14 wala si zaidi. Siku 14 ni nyingi sana kwa mama mwenye mtoto wa kunyonya ambaye kosa lake ni kufungua mlango. Ni chache sana kwa mpelelezi ambaye hakuuliza, wakati bado kuna joto la tukio, nani aliingia stooni jana.

Msomaji apaswa pia kutenga mambo mawili yanayofanana kwa sauti. Kusema "sikujua kwamba kimo" ni utetezi. Kusema "sikujua kwamba kimekatazwa" si utetezi. Mirungi ni mfano mzuri. Huko Meru nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, na mkulima huuza mafungu yake mchana kweupe. Upande wa Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inaihesabu mirungi miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku. Abiria aliyeinunua kwa halali asubuhi akavuka mpaka jioni hataokolewa na stakabadhi ya sokoni. Alijua anachobeba, na sheria ya nchi aliyoingia humchukua kuwa anaijua.

Kutoka nyumbani twende barabarani, kwa maana njia itokayo Muyinga kupitia Karusi hadi Gitega hupitisha mizigo ya kila namna, na Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, ikavuta wasafiri wengi kuliko zamani. Basi linasimamishwa kwenye kizuizi. Mfuko uliosukumwa chini ya kiti cha tatu unafunguliwa, na ndani yake mna vifurushi. "Ni wa nani?" Kimya. Abiria wa kiti cha tatu anatelemshwa.

Je, kukaa juu ya mfuko ni kuwa nao? Ndani ya basi mizigo huhama. Utingo huisukuma apate nafasi. Mwenye mzigo wa hatari hupenda kuuweka mbali na yeye, akautazama kutoka kiti cha saba. Mpelelezi aliye makini hataridhika na kiti. Atatafuta ndani ya mfuko huo nguo, na kuona kama zinamwenea aliyekamatwa. Atatafuta karatasi yenye jina, tiketi, namba ya simu. Atamuuliza utingo, kando na mbali na wengine, ni nani aliyepanda nao na alipandia wapi. Atawauliza abiria wawili watatu kabla hawajatawanyika, na kuandika majina yao. Basi likisharuhusiwa kuondoka, ushahidi huo wote umeondoka nalo, na wakili wa utetezi hatahitaji ufundi mkubwa. Atauliza tu kwa nini abiria wa kiti cha pili na cha nne hawakuulizwa.

Mzigo wa kuaminiwa ni mgumu zaidi. Nchini Uingereza polisi walimsimamisha mtu aliyekuwa na masanduku mawili katika gari lake. Moja lilikuwa na chupa za manukato, la pili vidonge 20,000 vya amfetamini. Akasema kwamba aliachiwa mizigo hiyo mkahawani, naye alidhani yote ni manukato. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, likatoa hukumu mwaka 1968. Malodi hawakukubaliana katika kila neno, ila walikiri kwamba kuwa na sanduku hakumaanishi wakati wote kuwa na kilichomo. Hata hivyo aliyeshika sanduku hudhaniwa kwa nguvu kuwa ameshika na vilivyo ndani, na hasa kama alikuwa na nafasi ya kulifungua asilifungue. Hatia ya mtu yule haikutenguliwa. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, Bunge la huko likatunga sheria mpya iliyompa mshtakiwa mlango wa kuthibitisha kwamba hakujua, hakushuku, wala hakuwa na sababu ya kushuku.

Maneno hayo ya mwisho, sababu ya kushuku, yanafaa kusikilizwa sana kambini. Askari arudiye likizo huombwa na watu wengi kuchukua mizigo, kwa kuwa sare yake huheshimiwa na mfuko wake haupekuliwi mara kwa mara. Hilo lenyewe ni sababu ya kushuku. Rafiki anayekataa kusema kilichomo, au aliyeshona mfuko kwa uzi badala ya kufunga zipu, au anayetaka upokewe usiku na mtu asiyetajwa jina, ameshamwambia mpokeaji kila kitu isipokuwa jina la dawa yenyewe. Hakimu atauliza: wewe uliyefunzwa kukagua silaha yako kila asubuhi, mbona hukukagua mfuko?

Na iwe basi kwamba mkono umethibitika na ujuzi umethibitika. Bado kuna swali la tatu, nalo ndilo linaloangusha kesi nyingi kupita mengine: je, kile kilicho mezani kwa hakimu ndicho kile kilichotoka stooni? Na je, ni urumogi kweli?

Jicho na pua vya askari mzoefu vina thamani yake, wala havitoshi. Wapo wapelelezi wanaotumia dawa za kupimia zinazobadilika rangi. Kipimo cha namna hiyo huelekeza tu. Miongozo ya maabara ya Umoja wa Mataifa imekwisha kuonya kwamba mimea mingine, ikiwamo hina na kungumanga, yaweza kutoa rangi iliyo karibu na ile ya urumogi katika baadhi ya vipimo hivyo. Akina mama wa mitaa ya Waswahili huko Muyinga au Nyamugari mjini Gitega hawatashangaa kusikia kwamba vitu hivyo viwili havikosekani kabatini mwao. Ndiyo sababu jibu la rangi lapaswa kufuatwa na uchunguzi kamili wa mkemia, na mkemia hutoa jibu la kile alicholetewa tu. Hawezi kuapa kwamba kilitoka kwa nani.

Kiapo hicho hutoka kwa wale waliokishika njiani. Kule Tanzania Mahakama ya Rufani imelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Katika rufaa ya jinai namba 17 ya mwaka 2002, iliyotoka Zanzibar na kuhusu dawa za kulevya, majaji walisema kwamba ni lazima kufuatilia kwa uangalifu jinsi kilichokamatwa kilivyoshughulikiwa tangu mikononi mwa mtuhumiwa, kikapita maabara, hadi kikapokewa mahakamani. Mwaka 2009, katika rufaa namba 110 ya mwaka 2007 iliyosikilizwa Dodoma, ambayo ilikuwa ya unyang'anyi wa silaha, mahakama hiyo ikaeleza maana ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: maandishi yanayofuatana kwa wakati, yakionyesha ukamataji, utunzaji, uhamishaji, uchunguzi na mwisho wa kitu hicho. Tangu hapo mawakili wa utetezi wameifanya hukumu hiyo kuwa nyundo yao. Huuliza: Afisa wa kwanza alimkabidhi nani? Saa ngapi? Imeandikwa wapi? Usiku ule kielelezo kililala ghalani au katika droo ya meza? Lakiri iliyobandikwa ilikuwa na saini ya nani, na mkemia aliikuta nzima?

Ikipatikana pete moja isiyo na maandishi, je, mnyororo wote umekatika? Hapo zamani ilielekea kuwa hivyo. Baadaye mahakama hiyo hiyo ililegeza, kama katika rufaa namba 485 ya mwaka 2015, ikasema kwamba hutegemea na aina ya kitu. Kitu kisichobadilika wala kubadilishwa kwa urahisi chaweza kupokewa ijapokuwa karatasi ina pengo, iwapo mashahidi wa mdomo wanaeleza vizuri kilivyopita. Hilo ni jambo la busara, kwa kuwa gari halichukuliwi kwa siri na kuwekwa lingine badala yake. Lakini unga mweupe hubadilishwa kwa dakika moja, na majani makavu vivyo hivyo. Basi mpelelezi wa dawa za kulevya ndiye hasa asiyepaswa kujifariji kwa ulegezo huo.

Mfano wa Kenya unaonyesha jinsi shaka inavyokua pamoja na mzigo. Mwezi Desemba 2004 polisi wa huko walikamata zaidi ya tani moja ya kokaini mjini Nairobi na Malindi. Mzigo ukakaa chini ya ulinzi kwa zaidi ya mwaka, na uvumi ukaenea kwamba huenda umeibwa na kuwekwa unga mwingine. Hata ilipofika Machi 2006, siku za kuuteketeza, ilibidi upimwe upya mbele ya waangalizi ili watu waamini kwamba kinachochomwa ni kile kilichokamatwa. Polisi wenye tani moja na polisi wenye furushi la stooni hukabiliwa na swali lile lile.

Uzito nao una visa vyake. Urumogi mbichi ukikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Hati ya siku ya kwanza ikisema kilo 4, na mizani ya mahakama miezi sita baadaye ikasema kilo 1, wakili atadai kwamba kitu ni kingine, au kwamba kilo 3 zimeuzwa na walinzi wenyewe. Huenda ni jua tu. Lakini hati ya kwanza kama haikuandika kwamba majani yalikuwa mabichi, wala mizani ilikuwa ya nani, jua halitakuja kutoa ushahidi. Mzigo upimwe mara moja, mbele ya mtuhumiwa, na hali yake iandikwe kwa maneno ya kawaida: mabichi, makavu, yamefungwa katika plastiki ya rangi gani, mafungu mangapi.

Utetezi unaosikika kuliko wote ni ule wa kubambikiwa: "Afande alikuja nacho mfukoni." Askari wengi hukasirika wausikiapo, na hasira yao yaeleweka. Hata hivyo mahakama haiwezi kuupuuza, maana umewahi kuwa kweli katika nchi nyingi, na aliyebambikiwa kweli husema maneno yale yale asemayo mwongo. Kinachotenganisha hao wawili ni shahidi asiye wa polisi na asiye wa nyumba. Tanzania sheria ya mwenendo wa jinai, katika kifungu cha 38, inadai stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, ikiwa na saini ya mwenye mahali na za mashahidi waliokuwapo. Burundi ina hazina yake katika jambo hili. Yupo nyumbakumi, yupo mkuu wa kilima, na wapo Bashingantahe, wazee ambao neno lao limetegemewa vilimani tangu kabla ya wakoloni. Upekuzi uliofanywa mbele ya mzee wa namna hiyo, baada ya maafisa wenyewe kukubali kuonyesha mikono na mifuko yao mitupu mlangoni, humwacha mbambikaji bila nafasi na mwongo bila la kusema. Dakika mbili za kuonyesha mifuko haziwezi kumvunjia askari heshima yake.

Usiku mambo huwa mazito. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai ya Burundi, ya tarehe 11 Mei 2018, ilifungua njia ya upekuzi wa usiku, hata usio na hati, kwa baadhi ya makosa mazito, yakiwemo ya dawa za kulevya. Hoja ya serikali ilieleweka: biashara hiyo haingoji mapambazuko. Ila giza hupunguza mashahidi na huongeza hofu, na watoto huamka wakilia. Afisa mwenye ruhusa ya kuingia saa 8 za usiku ana haja kubwa zaidi ya nyumbakumi kuliko aingiaye saa 4 za asubuhi, kwa kuwa kesho yake hakuna jirani atakayesema aliona.

Wengine hudhani kwamba kukiri humaliza yote. Mtuhumiwa akisema "ni changu", kwa nini kuhangaika na lakiri? Sheria ya Burundi yatoa jibu kali: ungamo lililopatikana kwa mateso au kwa kulazimishwa ni batili. Likibatilishwa, kesi iliyojengwa juu yake pekee huanguka nzima, na mwenye mali ya kweli hutoka mlango mmoja na asiye na hatia. Tena katika nyumba ya mfano ya Muyinga si ajabu shemeji akiri ili kumwokoa mama wa watoto, au mama akiri ili kumwokoa mwanawe. Ungamo lapaswa kujaribiwa kwa mambo ambayo mwenye kitu pekee huyajua: lilinunuliwa wapi, lilifungwa kwa kamba gani, lilikuwa mafungu mangapi kabla askari hawajayahesabu.

Ni kweli kwamba mahakama za Burundi, zilizorithi taratibu za Kibelgiji, hazifuati kila kanuni ya Dodoma au Nairobi. Hakimu wa Gitega hupima ushahidi wote kwa imani yake ya ndani, na hana orodha ndefu ya vielelezo vya kutupa nje. Lakini Katiba ya mwaka 2018 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na shaka humfaidi yeye. Kwa hiyo maswali ya wakili ni yale yale, na kitu cha kwanza atakachokishika ni ile hati ya afisa wa upelelezi, yaani PV ya OPJ. Kule Tanzania hati nyingi za namna hiyo zimeondolewa katika kumbukumbu za kesi kwa sababu moja ndogo: zilipokewa mahakamani bila kusomwa kwa sauti, mshtakiwa asijue zimesema nini.

Kwa nyumba, basi, tahadhari ni za kawaida. Mpangaji aandikiwe karatasi inayosema chumba gani ni chake na ufunguo anao nani. Stoo ipate kufuli, na mwenye ufunguo ajulikane. Mfuko wa mgeni usiwekwe chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Polisi wakija, mama na aombe kwa adabu kwamba aitwe nyumbakumi kabla ya kuanza, afuatane nao chumba kwa chumba, wala asiguse kitakachoonekana, hata akiambiwa akishike "ili kukitazama". Hati huandikwa kwa Kifaransa au Kirundi. Asiyeielewa lugha ya hati aombe atafsiriwe neno kwa neno kabla ya kutia saini au kidole. Kama imeandikwa "furushi la mshukiwa" mahali palipopaswa kuandikwa "furushi lililokutwa stooni", aombe sahihisho hapo hapo, liandikwe pembeni ya ukurasa, na afisa aliye mbele yake alitie saini pamoja naye.